Kaka Yangu Desmond na Nguzo ya Mafuriko

Saa mbili asubuhi ya Jumanne, tarehe 1 Machi 2022, Mto Corran ulivuka ukingo na kuingia mtaa mpya wa Pelican, na kaka yangu Desmond Arthur Pascoe, akiwa na miaka sabini na saba, akashusha mashua yake ya chaza kwenda kuwatoa watu.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1944 hapa Corran Heads, mtoto wa kwanza wa Arthur na Ivy Pascoe, akasoma shule ya hapa hadi mwaka 1958, kisha akaanza kufuga chaza pamoja na baba, kazi aliyoifanya miaka sitini na mitatu. Alifunga ndoa na Noreen Tindale tarehe 4 Mei 1968 katika kanisa hili, wakajaliwa Gail na Russell, ambao walihamia mbali kwa kuwa nyumba za mji huu unaokua ziliwashinda bei. Noreen alitangulia mwaka 2011.

Kila baada ya mafuriko Desmond alichonga tarehe na kimo cha maji kwenye nguzo ya mlango wa ukumbi wetu wa kanisa, kama walivyofanya baba na babu. Mwaka 2017 mjumbe wa wauza viwanja alikuja kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akasema, "Bwana Des, hizo alama zinawatisha wateja."

Desmond akamjibu, "Ndiyo kazi yake, bwana mdogo."

Wauza viwanja walituahidi paa jipya la ukumbi tukiiondoa nguzo, tukapiga kura kwa kuinua mikono, nguzo ikang'olewa kwa kura sita dhidi ya moja, na mimi, Valda, dada yake wa damu, nilikuwa mmoja wa wale sita. Tulipotoka nje aliniambia, "Haya, Val, paa mmepata. Bahati mbaya mto hauingilii paani."

Asubuhi ile watu wa Pelican walikuwa bado wanachemsha chai, maana hakuna aliyewaonyesha maji yalifika wapi zamani. Desmond aliwatoa kumi na tisa. Alipomfikia Bi. Heather Lyle wa nyumba namba nane, alimkuta ameshafariki.

Desmond mwenyewe alishikwa na nimonia baada ya kulowa siku ile, akalazwa tarehe 6 Machi katika hospitali iliyo mwendo wa saa mbili kutoka hapa, akafariki Jumamosi tarehe 19, saa tisa alasiri. Hakunilaumu hata mara moja, na afadhali angenilaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafugaji wenzake waliookoa trei zake za chaza, nanyi majirani wa Pelican, ambao wengi wenu mlimjua kama yule mzee wa mashua tu. Wauza viwanja wameleta maua, tumeyapokea.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo sisi hatukukupa. Ee Bwana, mpokee Desmond, aliyesema kweli tukamnyamazisha, mpokee na Heather, nasi tulioinua mikono utuhurumie. Amina.