Anayesema Shwari Kabla Hajaulizwa

Fundi cherehani alijifanya anatazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yote yalikuwa kiti cha nyuma. Hapo mlinzi wa ghala, mkewe akisinzia begani kwake, alikuwa akimbana kwa maswali mtaalamu wa maabara waliyekutana naye humo humo.

"Dada, mke wangu ana saratani ya ini. Hao walinzi wa mwili, hizo seli za kinga unazozisema, walikuwa wapi?"

"Walikuwepo, kaka. Seli hupashana habari kwa kemikali, kama ninyi na redio zenu. Sasa saratani nayo imejifunza kutuma. Inawaambia walinzi: shwari, pumzikeni."

Mlinzi akaguna. "Kwetu, anayesema shwari kabla hajaulizwa tunamkimbilia na marungu. Tunajua ameshikwa na wezi."

Huyu, fundi akawaza, angefaa kuajiriwa ndani ya ini.

"Dawa anayoanza leo, kama ndiyo hiyo uliyonitajia, inazuia uongo huo usiwafikie walinzi. Wapo inaowasaidia, na wapo ambao haiwasaidii."

"Itamsaidia!"

"Sikuahidi, kaka."

"Mimi ndiye ninayeahidi." Kisha akashusha sauti. "Mwaka mzima huyu alikuwa akisema 'mimi mzima' kabla sijamuuliza. Nami nikapita zangu, na rungu mkononi."

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mlinzi akamgusa mkewe. "Unajisikiaje?"

"Pananiuma, na naogopa," mke akasema, akamshika mkono wainuke.

Mlinzi akamgeukia yule dada, uso umemchangamka. "Umesikia? Hakusema shwari!"