Uso wa Sipiyu ya Dada

Kaa hapo. Sogeza hiyo ndoo, ukae vizuri, maana stori hii ukiisikiliza umesimama magoti yatakusaliti. Benchi ndilo hili hili: ubao mmoja mrefu, miguu mitatu ya mti na mmoja wa chuma, mgongo wake ni ukuta wa chumba cha ushonaji. Juu ya benchi kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna meza ya Sekunde. Anaitwa Sekunde kwa sababu ukimwita, jibu ni lile lile, "sekunde moja," halafu unamsubiri mpaka unasahau ulichomwitia. Anahariri video za harusi kwa kompyuta ya dada yake, ndani ya chumba cha dada yake, kati ya cherehani na magauni ambayo bado hayajatiwa mikono. Siku hiyo, saa saba mchana, alitokeza kichwa dirishani jasho linamchuruzika kama bwana harusi aliyesahau pete.

— Imezima tena, akasema.

Benchini walikuwa watatu wa kila siku. Barafu, fundi wa friji, mtu wa sauti ya chini na uhakika wa juu. Mzee Rejeta, aliyeendesha lori miaka thelathini na ushee, na mpaka leo kwake kila kitu duniani ni lori. Na Cheche, mchomeleaji, ambaye hana shati lisilo na vitundu vya moto. Pembeni yao alikaa Mama Birika na jiko lake, anamimina kahawa na kusahihisha uongo.

— Imezimia wapi? akauliza Barafu.

— Asilimia arobaini. Asubuhi ilijitahidi, ilifika arobaini na mbili. Inapata joto, inajizima, pu! Naanza sifuri.

— Si umalize kesho?

— Kesho haina maana, kaka. Bibi yake bi harusi anasafiri leo na basi la saa kumi. Siku ya harusi alikuwa amelazwa, hakuona kitu, hata keki alihadithiwa. Nilimwahidi kwa mdomo wangu huu kwamba ataiona ndoa ya mjukuu wake kabla hajapanda basi. Anakuja hapa saa nane na nusu, na mkoba wake.

— Nani alikutuma uahidi? akasema Mama Birika.

— Alinishika mkono, mama. Ungekuwa wewe ungemwambia hapana?

Mama Birika akammiminia kikombe.

Kilichobaki kilikuwa kurenda tu, yaani mashine ivishone vipande vyote viwe video moja. Dakika hamsini. Lakini mashine ilikuwa haifikishi hata nusu saa. Sekunde akaivuta sipiyu, lile sanduku lenyewe, akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, nyaya zimebaki ndani, uso umeelekea benchi, ili wazee wa kazi waione.

Sasa huo uso. Ulikuwa plastiki nyeusi inayong'aa kuliko kiatu cha gwaride, haina tundu hata la kupita sisimizi. Nyuma yake feni mbili zinazunguka kwa juhudi zote, zinavuta hewa ambayo haipo. Dada mtu aliichagua sipiyu hiyo dukani kwa ajili ya uso tu. Alikuwa anajitazama humo akipanga kitambaa cha kichwa, na wateja wakija kupimwa wanageuka kidogo, wanajiona, wanatabasamu. Asubuhi hiyo, akielekea kwa shangazi kupeleka nguo, alisimama mlangoni akasema:

— Tumia kila kitu. Uso wake usiuguse.

— Dada, nitaugusia nini?

— Nakujua.

Ndiyo maana Sekunde, kila alipoutazama ule weusi, alirudisha mikono mfukoni.

— Mimi naona ugonjwa, akaanza Barafu. — Hii ni friji iliyozaliwa kinyume. Hewa baridi haiingii, moto hautoki. Dawa yake ni ubaridi wa moja kwa moja. Kuna friji ya mteja pale kwangu, kubwa, ya milango miwili. Tunatoa rafu, tunaiingiza sipiyu, tunafunga.

— Na nyaya?

— Tunatoboa mlango.

— Mlango wa friji ya mteja!

— Katundu kadogo. Tukimaliza tunaweka stika.

Mzee Rejeta akacheka mpaka kahawa ikamrukia ndevuni.

— Friji! Nyie vijana mmekulia kivulini. Hii ni rejeta imeziba, ile ya kupoza injini, basi. Mimi nilikuwa napanda mlima na shehena ya saruji, majani yakaja yakaziba mbele yote, mshale wa joto ukalala kwenye wekundu. Mwingine angesimama. Mimi nikafanya nini?

— Ukasimama, akasema Mama Birika.

— Nikageuza lori! Nikapanda kinyumenyume, upepo ukaingia kwa nyuma. Kilomita tisa.

— Juzi zilikuwa nne.

— Juzi nilikuwa nahesabu za lami tu.

— Sasa mzee, akasema Sekunde, na saa ukutani inakimbia, — sipiyu tutaipandisha mlima gani?

— Hapana mlima. Upepo! Ipakie kwenye pikipiki, uso mbele, uende nayo mbio barabarani. Mimi nitakaa nyuma nimeishika.

— Na umeme?

— Waya mrefu.

Cheche muda wote huo alikuwa ameshakwenda kwenye banda lake, hatua kumi kutoka hapo, akarudi na grinda, mashine ya kukatia chuma, mkononi kama mtu aliyebeba mtoto.

— Kata, akasema.

— Kata nini?

— Uso. Mbele kumezibwa, fungua mbele. Nina wavu wa spika bovu, tunakata dirisha, tunaweka wavu, hewa inaingia mpaka tunaitafutia sipiyu sweta. Na ikitaka zaidi, tunatoboa ukuta huu hapa, naleta lile feni langu la kukaushia rangi...

— Ukuta muuache! akapiga kelele Mama Birika. — Nimeegemeza jiko langu.

— Dada ataniua, akasema Sekunde.

— Dada yako atakuua kwa uso, akasema Barafu taratibu, — au yule bibi akuangalie bila kusema neno, abebe mkoba wake aende. Chagua kifo.

Hapo ndipo walipompata. Maana Sekunde aliukumbuka mkono ule, mwepesi, una plasta ya sindano bado, umemshika kidole gumba. Na akawaza: uso ni plastiki. Plastiki inanunulika. Akawaza pia kwamba huo ulikuwa uongo, kwa sababu uso kama ule hakuwahi kuuona kwenye duka lingine lolote.

— Mkikata, mkate vizuri, akasema.

— Kwanza tuuvue, akasema Barafu. — Usikatie humo humo, utaijaza mashine vumbi la plastiki.

Akapitisha vidole chini ya ule uso, akavuta. Tak! Ukatoka mzima mzima, ulikuwa umeshikwa na vibanio vinne tu, basi. Feni mbili zikabaki wazi, zinaangalia barabara.

— Ngoja! akasema Rejeta. — Kabla fundi hajatibu, lazima asikie pumzi. Iwashe, niweke mkono.

Sekunde akaiwasha.

— Ipe mzigo! Gari halipimwi limesimama.

Sekunde akabonyeza kurenda, ili mashine ifanye kazi kweli kweli. Rejeta akaweka kiganja mbele ya feni, akafumba macho.

— Inavuta. Imenivuta mpaka vinyweleo. Mgonjwa ana mapafu, jamani, alikuwa amezibwa pua tu!

— Si ndicho nilichosema? akasema Cheche, na wote watatu wakauchukua ule uso wakaenda nao bandani, wakimvuta Sekunde shati, maana yeye ndiye mwenye mali, au tuseme ndugu wa mwenye mali.

Bandani vita vikaanza upya.

— Matundu mawili ya duara, akasema Barafu. — Feni ni duara, tundu liwe duara.

— Pembe nne! Umewahi kuona lori lenye grili ya duara?

— Hii si lori, mzee.

— Ndiyo maana inazima.

— Semeni moja, akasema Cheche, grinda inanguruma, — mimi mkono ukishaanza hauna breki.

— Duara!

— Pembe nne!

Na Cheche, ambaye hapendi kumkosea mtu, akakata tundu la juu duara na la chini pembe nne. Moshi wa plastiki ukatanda, Mama Birika akakohoa huko aliko na kuwataja mama zao mmoja mmoja. Msasa ukapita. Wavu wa spika ukakatwa, ukafungwa kwa bolti nane, na katika hizo nane zilizofanana zilikuwa mbili. Kisha wakagombania wavu ukae ndani au nje. Kisha Rejeta akataka ubandikwe macho mekundu ya lori pande zote mbili, akanyimwa, akanuna, akabembelezwa. Sekunde alishika tochi, alishika bolti, alishika kichwa. Kila alipotaka kuangalia saa, mtu alimwambia ashike kitu.

Waliporudi benchini wamebeba ule uso kama kombe, bibi alikuwa ameshafika.

Alikuwa mdogo, amevaa viatu vya safari, mkoba wake kwenye mapaja. Mama Birika alikuwa ameshamkalisha na kummiminia.

— Shikamoo, bibi, wakasema wote kwa mkupuo.

— Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mnanuka moto?

— Tulikuwa tunatengeneza, bibi, akasema Sekunde. — Sekunde moja tu. Tunarudishia uso, naanza kurenda, dakika hamsini... Akatazama saa. Saa nane na dakika thelathini na tano. Akahesabu kimoyomoyo, akaona basi, akaona njia ya kwenda kwenye basi, akaona mashine inazima kwenye arobaini. — Bibi, naomba unisamehe, sijui kama...

— Uso gani? akauliza bibi.

— Huu. Wa mashine. Ulikuwa unaziba hewa, mashine ikawa inapata joto inajizima. Sasa tumeukata, tumeutia wavu.

Bibi akautazama ule uso, duara juu, pembe nne chini. Akawatazama mafundi. Akainuka kidogo akachungulia dirishani, kwenye kioo cha kompyuta.

— Na ile mia pale ni ya nini?

Sekunde akageuka. Akaruka dirishani kama paka. Asilimia mia. Imemaliza. Faili lipo, zima, tangu dakika kumi zilizopita, na feni bado zinavuma zikiwa uchi, zimepoa kabisa.

— Imemaliza, akasema, na hakuamini mdomo wake.

— Peke yake? akauliza bibi.

— Peke yake.

— Haina uso?

— Haina.

Bibi akanywa kahawa kidogo. Hakuwa anamkejeli mtu, alitaka tu kuelewa.

— Sasa uso mmeukatia nini?

Barafu akatazama vidole vyake, vile vile vilivyouvua ule uso kwa mvuto mmoja. Cheche akaificha grinda nyuma ya mguu. Mzee Rejeta alifungua mdomo, na sote tunajua mdomo ule haujawahi kufunguka bure, akaufunga. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe chake mwenyewe, likatoa tone moja.

— Imekwisha, akasema. — Kahawa, na akili zenu.

Basi, video ikawekwa. Kioo kikageuziwa dirishani, bibi akakaa katikati ya benchi, wanaume wakabanana pembeni. Bi harusi alipotokea mlangoni na gauni lake, bibi alishika kidole gumba cha Sekunde vile vile kama siku ile, na hakukiachia mpaka keki ilipokatwa.

— Ilikuwa kubwa hivyo! akasema. — Mimi waliniambia ya kawaida!

Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Mzee Rejeta alisema moshi wa Cheche umemwingia machoni, na kwa mara ya kwanza Mama Birika hakumsahihisha. Saa tisa na robo bibi akaomba arudishiwe pale bi harusi anapoingia, akarudishiwa mara tatu. Kisha Barafu akambebea mkoba mpaka kwenye basi, na nakala ya video, kwenye flashi, ikiwa imefungwa kwenye leso, ndani kabisa.

Sekunde akabaki na raha, mwanangu, raha tupu, mpaka simu ilipolia.

— Nimeshafika kona, akasema dada yake. — Niko na shangazi, nimemsifia ile kompyuta njia nzima. Washa pasi.

Benchi zima likasimama.

— Rudishia uso, mwambie ni toleo jipya, akasema Cheche.

— Geuza sipiyu itazame ukuta, akasema Rejeta. — Kinyumenyume. Mimi nilipanda mlima...

— Mwambie ukweli, akasema Mama Birika. — Ila wa bibi kwanza, wa grinda baadaye.

Sekunde akaurudishia uso. Tak! Vibanio vinne. Akarudi nyuma akautazama, akajitafuta humo. Wavu wa spika haurudishi sura ya mtu. Na pale kona dada yake alishatokea, ameshikana mkono na shangazi, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa jua, na mkono wake mwingine tayari umeshika pini. Unajua anakwenda kujitazama wapi.

Haya, wewe uliyekaa hapo umetulia kwenye ubao wetu. Ungekuwa Sekunde, zimebaki hatua ishirini, ungemwambia nini?