Dada Hebu-Rudia na Mstari Aliouacha Wazi

Kamati ya mazishi ilipendekeza tumpe mtu kazi ya kuandika wasifu huu. Yupo mtaalamu, walisema, anaandika vizuri, unampa tarehe tu. Nilikataa. Marehemu dada yetu alitumia miaka ishirini na miwili akiwakabidhi watu wa nje kazi za kampuni, na hakuna aliyejua kama yeye ni kazi gani hutolewa na ipi haitolewi. Hivyo nimeandika mwenyewe, mimi mdogo wake, tumbo moja. Penye makosa mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1970, alfajiri, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mkunga, mama huyu aliyeketi hapo mbele. Mimi nilimfuata miaka tisa baadaye, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa akinituma dukani. Hakuniachia nivuke kizingiti kabla sijajibu. "Hebu rudia. Nimekutuma nini?" "Sabuni na kiberiti." "Sabuni ipi?" "Ya kufulia." "Haya, mbio." Siku moja nilijidai nimeshaelewa, nikachomoka. Nyumbani walikuwa wakisubiri sukari ya chai ya wageni, mimi nikarudi na chumvi, tena nimeibeba kifua mbele. Hakunichapa. Alisema, "Kosa ni langu, nimekuachia uende bila kurudia." Maneno hayo yaliniuma kuliko fimbo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na sekondari hadi 1989. Mwaka 1993 alipata stashahada ya kompyuta katika chuo cha ufundi, darasa lenye wasichana watatu. Mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake: "Anauliza mno." Mama ameitunza ripoti ile ndani ya sanduku la nguo hadi leo, na akiudhiwa na mtu huitoa akaisoma.

Tarehe 3 Machi 1997 aliajiriwa na kampuni ya vyumba baridi, ile inayohifadhi samaki na mboga kabla hazijasafirishwa. Mwaka 2001 alikabidhiwa miradi yote ya teknolojia, akiwa na msaidizi mmoja na meza mbili. Kampuni haikuwa na watu wa kutengeneza programu, ikabidi kazi ziende nje. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," meneja wake alimwambia, akadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mradi wa kwanza ulikuwa mfumo wa kuhesabu mizigo ndani ya vyumba baridi. Marehemu aliandika kurasa arobaini za maelezo, akatia saini, akasubiri miezi minane. Mfumo ukaja, na vifaa vyake vya mkononi vyenye vitufe vidogo vidogo, vizuri kweli. Siku ya kwanza mpakuzi mmoja aliingia na kimoja chumbani, akabonyeza, zikabonyezwa tarakimu nne kwa mpigo. Mle ndani watu huvaa glavu nene kama mto wa kulalia. Katika kurasa arobaini hapakuwa na neno glavu hata mara moja. Wenye kampuni wakataka mkandarasi afukuzwe. Dada akasimama mbele yao akasema, "Yeye ametengeneza alichoambiwa. Mimi ndiye sikumwambia. Nilimtuma bila kumwambia arudie."

Tangu hapo alibadilisha utaratibu, na waliotoka kazini kwake leo wanaujua kwa moyo. Kabla ya kutia saini, mkandarasi alivaa koti na glavu, akafanya kazi zamu nzima pamoja na wapakuzi. Akitoka, pua inamchuruzika, marehemu anamwekea chai na kumwambia, "Hebu rudia. Tunataka nini?" Asiyeweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe hakupata kazi, hata awe na sifa za kufika mbinguni. Kila Jumanne saa nne asubuhi alitaka kuona kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo. "Nionyeshe, usinihadithie," alisema, na akiwasifu sana siku hiyo basi wiki ijayo anakagua mara mbili, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tena kila mradi ulikuwa na karatasi ya makabidhiano tangu siku ya kwanza: kazi gani, hufanywaje, nani mpokeaji. Miradi kumi na saba ilipita mikononi mwake kwa njia hiyo. Baada ya ule wa glavu, hakuna uliokwama. Wakambandika jina Dada Hebu-Rudia, naye akaliitikia.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi wa majokofu wa kampuni hiyo hiyo, mwanamume mcheshi aliyekuwa akisema amemwoa bosi ili apate kuambiwa mambo mara moja tu. Walipendana. Hawakujaliwa mtoto. Shemeji yetu alifariki tarehe 7 Juni 2009, na tangu siku hiyo, niseme ukweli, dada alibaki peke yake na sisi tukamwacha hivyo. Tulimwona mtu hodari. Mtu hodari haulizwi hali yake.

Ofisini ukutani alikuwa na saa nne, kila moja ikionyesha saa za timu mojawapo ya wakandarasi wake wa nchi za mbali, na alikula chakula cha mchana akizitazama. Mkandarasi mmoja ndiye aliyekuja kuvaa glavu; wengine wa timu, aliofanya nao kazi miaka kumi na zaidi, hakuwahi kuwashika mkono. Juzi kiongozi wa timu mojawapo alinipigia simu kutoa pole. Akaniambia kwamba kila Jumanne dada aliingia kwenye mkutano wa video dakika kumi kabla ya wakati, akakaa hapo anangoja. "Tulipogundua," akasema, "tukawa tunapeana zamu. Kila wiki mmoja wetu anaingia mapema amkute. Hatukumwambia." Watu wa nje walikuwa na zamu ya dada yangu. Mimi sikuwa nayo.

Novemba 2023 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa ini, na mwezi uliofuata akaacha kazi. Mimi nilifanya nilichoona ni wema: nikamtafutia muuguzi wa kukaa naye nyumbani. Dada akanipigia.

"Ahsante, mdogo wangu. Muuguzi ni mzuri. Ulimweleza kazi?"

"Nimemweleza yote."

"Alirudia?"

Nikacheka. "Dada, huyu si mkandarasi!"

"Kila mtu ni mkandarasi. Haya, na wewe unakuja lini kukagua?"

"Jumanne."

"Jumanne ipi?"

Kwa wiki kumi na tano nilifika Jumanne tatu. Zilizobaki nilituma ujumbe kwamba kazi zimenibana. Naona aibu kulisoma hili mbele yenu, lakini lisiposomwa hapa litasomwa wapi? Dada alifariki Jumatano, tarehe 20 Machi 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa muuguzi. Siku moja kabla ilikuwa Jumanne. Sikwenda.

Kwenye droo ya kitanda tulikuta karatasi ya makabidhiano, mwandiko wake ule ule ulionyooka. Funguo za nyumba, mpokeaji jirani mshona viatu. Vitabu, mpokeaji msaidizi wake. Saa nne za ukutani, kila timu yake. Mstari wa mwisho ulisomeka hivi: "Mama. Kila siku saa kumi na mbili jioni. Mpigie wewe, usingoje akupigie. Mwache amalize habari za magoti kwanza. Usimwambie una haraka." Mahali pa mpokeaji palikuwa wazi.

Muuguzi alisema alimuuliza, "Dada, hapa umesahau?" Akajibiwa, "Sijasahau. Hiyo haitolewi kwa mtu. Mwenyewe aje aichukue."

Marehemu ameacha mama, mdogo mmoja, mawifi wawili, wafanyakazi wenzake, na timu nne za watu ambao leo wamezima mitambo yao kwa saa moja, kila mmoja kwa saa za kwake.

Sasa, dada, kwa mara ya kwanza sisubiri uniulize. Narudia. Mama, kila siku, saa kumi na mbili jioni. Nampigia mimi. Magoti kwanza. Sina haraka. Asubuhi ya leo nimechukua kalamu yako, nimeandika jina langu pale palipokuwa wazi, na mama ameliona. Pumzika kwa amani, dada yangu. Kazi imepokelewa.