Kikohozi Changu Hakikuwa Vumbi Tu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Ah, hapana. Hiyo amina ni ya watu waliolala na njaa. Bwana asifiwe! Haya, hapo sasa nimesikia mapafu. Na wale tuliotoka upande wa Shinyanga, mwangaluka! Asanteni.

Mimi ni Mama Kulwa. Kwa asiyenijua, nilizaliwa Samuye, nikaolewa, nikaja hapa Nyarugusu na mume wangu kutafuta maisha kwenye dhahabu. Dhahabu yenyewe hatujaipata ya kutisha, lakini uhai ninao, na huo ndio niliosimama kuushuhudia.

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa karashani, pale mawe ya dhahabu yanaposagwa. Wanaume wanatoa mawe chini ya ardhi, sisi akina mama tunayaponda kwa nyundo, mashine inasaga, tunachekecha. Vumbi, jamani! Jioni nikirudi nyumbani watoto wanacheka, wanasema leo mama kawa mzungu. Barakoa? Nani aliwaza barakoa? Ulikuwa unafunga kitenge puani, kikilowa jasho unakitupa pembeni.

Na mnanijua kwa vigelegele. Hapa kwetu, kama Mama Kulwa hajapiga kigelegele, watu walikuwa wanauliza kama bibi harusi amekubali kweli.

Basi kikohozi kikaanza. Kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu. Nikasema ni vumbi, mbona wenzangu wote karashani wanakohoa? Nikanywa tangawizi na asali. Nikanywa mizizi aliyonichemshia mama mkwe. Nikanunua dawa za maji dukani, mpaka muuza duka akiniona kwa mbali anainua chupa. Mvua zikaja, vumbi likatulia, kikohozi hakikutulia. Nguo zikaanza kunipwaya. Kile kilima cha kwenda kisimani, nilichozoea kukipanda huku naimba, nikawa nasimama katikati nimeshika kiuno, najifanya naangalia mashamba ya watu.

Ikafika harusi ya binti wa jirani. Bibi harusi anaingia, watu wananigeukia, nami nikavuta pumzi nipige kigelegele. Ndugu zangu, hakikutoka! Kilitoka kikohozi, kikanikunja mpaka chini. Nilipoondoa khanga mdomoni nikaona damu. Kidogo tu, kama uzi mwekundu. Nikaikunja haraka, lakini mume wangu alikuwa ameshaona.

"Mama Kulwa, hiyo nini?"

"Nimejing'ata ulimi."

"Ulimi gani unakohoa?" akasema. "Kesho tunakwenda kupima."

Na kweli, kulipokucha alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa shule, tukaenda kituo cha afya. Wakapima makohozi, kifua kikuu hawakukiona. Wakanipa dawa, wakaniambia zikiisha na bado nakohoa, nirudi, nisikae nyumbani. Zikaisha, kikohozi kipo. Nikarudi. Wakaniandikia rufaa kwenda hospitali kubwa, nikapigwa picha ya kifua.

Daktari niliyemkuta ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Akanikaribisha vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, unavuta sigara?"

"Mimi? Hata kuishika sijawahi!"

"Na nyumbani, kuna anayevuta?"

Nikamwangalia Baba Kulwa. Baba Kulwa akaangalia dari.

Akauliza kazi yangu, nikamweleza habari za karasha, nyundo na vumbi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mama, hapa kwenye pafu la kulia kuna kivuli. Sitaki kukutisha, na sitaki kukudanganya. Yanaweza kuwa mambo mengi, na saratani ni mojawapo. Sigara ndiyo inaongoza kuileta, lakini moshi wa wengine na vumbi la mawe navyo vinaweza. Nenda Mwanza ukapigwe CT scan, wachukue na kinyama kidogo wakipime. Usisubiri uzidiwe."

Tukaenda Mwanza. Majibu yakatoka: saratani ya mapafu.

Wapendwa, neno lile likishatua masikioni, mengine husikii. Mimi nilimwona daktari anachezesha midomo tu. Nilikuwa nishafika makaburini Samuye, najichagulia sehemu yenye kivuli. Mume wangu akanitikisa bega. "Mama Kulwa, sikiliza! Amesema uvimbe ni mdogo! Amesema haujasambaa, unatolewa!" Daktari akarudia polepole, kwa subira. Uvimbe ulikuwa bado mahali pamoja. Wengi wanafika kwake umeshatembea mwilini, na hapo kazi inakuwa ngumu. Mimi nilikuwa nimewahi.

Tukarudi nyumbani kujiandaa. Habari zilikuwa zimetutangulia, ndugu wamejaa uani, nyuso zimeanguka. Shangazi yangu Minza alikuwa ametoka Samuye na lile sufuria lake kubwa la misibani.

Nikamwambia, "Shangazi, mbona sijafa?"

Akasema, "Najua, ng'wanone, mwanangu. Nimewahi tu."

Nilicheka mpaka nikakohoa! Na sufuria tukalipa kazi siku ileile, tukapikia wali wageni wote.

Lakini baada ya kula, Shangazi akaniita pembeni, sasa hana mzaha. "Mwanangu, usikubali kukatwa. Pafu ni nyumba ya pumzi. Wakilifungua, pumzi inatoka hapohapo." Na wengine wakaunga mkono. Mmoja akasema nimerogwa, mwingine akasema mtu akishaguswa na kisu ndipo ugonjwa unapopata hasira. Ndugu zangu, niliogopa. Kulwa na Doto walikuwa darasa la tano. Niliwaona pale uani wanafua sare zao, wanarushiana povu, wanacheka. Nikajiuliza, nikienda nisiporudi, nani atawasuka? Nikamwambia mume wangu, siendi. Akakaa chini kwenye kizingiti.

Jioni akaja mchungaji wetu, huyu mnayemwona hapa mbele. Nikamwambia, "Mchungaji, niombee Mungu aniponye hapahapa nyumbani." Akaniwekea mikono, akaomba kwa nguvu, nasi tukaitikia. Tuliposema amina, akafungua macho.

"Nimeomba," akasema. "Sasa panga nguo."

"Mchungaji!"

"Mama Kulwa, Mungu amekuonyesha ugonjwa ukiwa bado mdogo. Umeona damu yako, umepata mume aliyekushika mkono, umepata daktari aliyekuambia ukweli. Unataka akutumie nini tena, malaika mwenye baiskeli?"

Watu wakacheka, Shangazi naye akacheka, ingawa hakutaka. Akanyanyuka, akaingia ndani, na wa kwanza kukunja khanga zangu kuziweka kwenye begi alikuwa yeye. Akasema, "Kama unakwenda, tunakwenda wote. Nani atakupikia uji?" Haleluya!

Kanisa mkachanga, ndugu wakachanga, Mungu awakumbuke. Nikalazwa. Asubuhi ya upasuaji wakanisukuma kwenye kitanda cha magurudumu, nami natetemeka, meno yanagongana. Nesi akaniuliza, "Mama, unasikia baridi?" Nikamwambia, "Hapana, naogopa." Akanishika mkono mpaka mlangoni. Nilisema Bwana, pumzi hii ni yako, ukiniachia nitaitumia vizuri. Kisha sikujua lolote.

Nikaamka! Nilisikia maumivu ubavuni, na sijawahi kufurahia maumivu namna ile, kwa sababu maiti haumwi. Walikuwa wametoa kipande cha pafu na uvimbe wake. Wakanipa kidude cha plastiki chenye vimpira vitatu. Unavuta pumzi, vimpira vinapanda. Siku za kwanza hata kimoja hakikunitii. Shangazi anasimama pembeni anashangilia kama yuko mpirani: "Vuta! Vuta, bhebhe, wewe! Kinapanda!" Wodi nzima ikawa inatufuatilia. Siku vyote vitatu vilipopanda pamoja, mgonjwa wa kitanda cha jirani alipiga makofi, na Shangazi akapiga kigelegele mpaka nesi akaja mbio akidhani kuna aliyezimia.

Ndugu zangu, nimepona! Daktari ananiita kila baada ya muda kuniangalia, nami naenda bila kusukumwa, na mpaka leo hajaona kitu. Karashani sirudi tena, nauza mboga. Wenzangu waliobaki pale sasa wanamwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, na wanavaa barakoa, wakizishusha ninawasema. Baba Kulwa sigara ameacha. Hamu ikimshika anatafuna karanga, na mnamwona mwenyewe tumbo lilivyo! Kigelegele changu kimekuwa kifupi kidogo, lakini bibi harusi anakisikia.

Jirani yangu Baba Shija, mchimbaji, naye alikuwa anakohoa na kifua kinambana. Nilimsumbua mpaka akanikimbia sokoni. Mwisho akaenda. Yake haikuwa saratani, ilikuwa kifua kikuu. Anameza dawa, ameshanenepa. Mnaona? Si kila kikohozi ni saratani. Lakini huwezi kukijua kwa kukiangalia usoni. Kikohozi kikipita wiki tatu, ukiona damu, ukikonda bila sababu, kifua kikiuma, pumzi ikikata, nenda ukapimwe. Na ukipewa dawa zisisaidie, rudi, sema bado naumwa. Kuomba ni kuomba, na kupima ni kupima, na Mungu wangu amenipitisha kote kuwili.

Nimalizie, maana mchungaji ameshaangalia saa. Aliyeniumba kwa pumzi na akaniachia pumzi, sifa zote ni zake. Ninyi mlioniombea na kunilisha, asanteni mno. Mwaminini, naye hatawaacha njiani.

Na wewe baba wa shati la bluu pale nyuma, ambaye tangu nianze kuongea umekohoa ukijificha kwenye leso, nimekusikia. Usiangalie chini. Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, nimeshavaa viatu. Njia ya hospitali naijua, tutakwenda tukiongea.