Kuni Zilikuwapo Orodhani

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, msibani hapa Msasani yetu ya milimani, si ile ya pwani, mvua ikinyesha. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa naikodolea macho simu ili nisiwatazame ninyi. Mama zangu, mnisamehe, leo nasoma kwenye daftari. Mkinitazama nasahau hata jina langu.

Mlinipa kazi ya kuandika ahadi za kikundi chenu cha kusaidiana misibani: nani ataleta kuni, nani ndizi, nani unga. Nikaziingiza kwenye kompyuta ya shule kwa Haskell, lugha tunayofundishwa klabuni. Humo kila ahadi ina ganda lake, wenyewe wanaliita konstrakta. Ganda ni Kuni, au Ndizi, au Unga. Ndani yake kuna jina la mama aliyeahidi na idadi ya mizigo.

Nilijaribu kwa ahadi ya mama yangu: Kuni, jina lake, mzigo mmoja. Ikapatikana, nikaringa! Kumbe nimeiambia mashine itafute ahadi ileile tu, na mama baadaye alibadili akaahidi ndizi, kwa hiyo mashine haikuona kuni yoyote.

Basi mwenyekiti akasoma kwa sauti karatasi niliyoichapa: "Kuni, hakuna." Wakati huohuo mama mmoja wa Bulyaga alikuwa anatua mzigo wake wa tatu, amelowa chapachapa.

"Kwa hiyo mimi nimebeba nini, nyasi?"

Mkacheka. Yeye hakucheka. Alijifunga kanga yake akaondoka bila kula.

Klabu nikaacha. Msiba uliofuata nikajifanya naumwa tumbo. Uliofuata tena, mama akanishika mkono: "Tumbo gani hilo linauma misibani tu?" Ilikuwa Jumapili. Akaniweka naye stoo kupokea vitu.

Nawaambieni, sijawahi kuona kitu kama kile. Mama hakufungua hata mzigo mmoja. Kapu lililofunikwa jani la mgomba, kushoto. Kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, nje chini ya paa. Haraka, bila kuuliza.

"Mama, mbona hufungui?"

"Nifungue ya nini? Natenga kwanza. Cha nani na kiasi gani, tutaona baadaye."

Nilisimama na kapu la watu mkononi, nikayaona yale maganda ya klabuni. Jumatatu nikarudi klabuni. Mwalimu wa klabu akanisogezea kiti. Nikaandika:

[a | a@(Kuni _ _) <- ahadi]

Vile vistari viwili vya chini vinasema: jina liwe lolote, idadi iwe yoyote, mimi natazama ganda. Nikabonyeza. Kuni zote za siku ile zikapanda kwenye kioo, na katikati yao mama wa Bulyaga, mizigo mitatu. Alikuwamo muda wote! Niliweka kidole juu ya jina lake.

Mwalimu, mama, na ninyi mlioniachia kazi hii hata baada ya aibu ile, ndaga fijo, asanteni sana. Nilichojifunza ni hiki: ukitaka kila kitu kifanane na ulichonacho kichwani, utasema hakuna, na mtu amesimama mbele yako na mzigo.

Jumanne yake asubuhi, nikiwa na sare ya shule, nilijitwika kuni kavu za jikoni kwetu nikaenda Bulyaga kuomba radhi. Nikabisha hodi. Yule mama aliniangalia, akaangalia kichwani kwangu.

"Kuni," akasema. "Nimeziona. Tua, mwanangu, uingie unywe chai."