Bwawa Ambalo Sikuwa Nalo

Nawasalimu, ndugu zangu, na mnivumilie nikiongea nimeshika hiki kiti. Nimefundisha darasani miaka mingi, lakini kusimama mbele ya watu wazima bado kunanitetemesha. Mwenyekiti wenu amesema hapa Dallas wengi wenu mna biashara ndogo, na mmeanza kuulizana habari ya websaiti. Ndiyo maana nimetoka Muthara, kule Meru nchini Kenya, nije niwaambie yaliyonipata. Majina sitataja.

Mimi na mzee wangu, mume wangu, tuko na nyumba ya wageni, vyumba vinne, kando ya barabara. Tuliifungua nilipostaafu ualimu. Mwaka juzi wageni walipungua mpaka tukakaa miezi miwili shuka zimekunjwa kabatini. Mgeni wa mwisho aliniambia kwamba watu wa kwao siku hizi wanatafuta pa kulala kwa kompyuta kabla hawajapanda ndege. Hayo maneno yalininyima raha.

Nikaanza kuuliza. Mjini Meru, karibu na soko la Gakoromone, kuna mama anayefundisha kompyuta. Aliniambia nije kila Jumamosi nijifunze kuandika ukurasa wangu mwenyewe, itachukua miezi. Na Nairobi kulikuwa na mtaalamu aliyesema atamaliza kwa wiki moja. Nawaambia ukweli, nilimdharau yule mama. Alikuwa na kompyuta tatu kuukuu, kila moja imefunikwa kitambaa cha kufuma. Yule wa Nairobi alikuwa na tai shingoni. Nikachagua tai.

Alikuja Muthara, akanipiga picha moja nikiwa na nguo ya kanisa. Nilipouliza tutaandika nini, akasema nimwachie yeye. Wiki ikaisha, akapiga simu kwa duka la jirani kusema websaiti iko tayari. Nikauliza nitaionaje. Akacheka, akasema wageni ndio wataiona.

Hapo ndipo wasiwasi ulinianza. Kuna kitu kilikuwa kinaongea kwa jina langu, na dunia nzima inakisikia isipokuwa mimi. Nikipika nawaza kimesema nini. Nikipiga magoti kuomba, nawaza hilo hilo. Yule mama wa Meru angeweza kunionyesha, lakini ningeanzaje kumwomba?

Wakaja wageni wawili, mume na mke, wazee kunishinda. Bwana alitembea kwa fimbo, magoti yamemwisha. Nikawapeleka chumbani kwa furaha. Baada ya muda mfupi mke akarudi peke yake na karatasi mkononi. Akaniuliza kwa upole bwawa la kuogelea liko upande gani, maana daktari amemwambia mumewe aogelee kila siku, na walichagua kwangu kwa ajili hiyo.

Nikaichukua karatasi. Ulikuwa ukurasa wangu, wameuchapisha kwao. Kulikuwa na bwawa la maji ya buluu, viti vyeupe, na maneno kwamba ndovu wanaonekana dirishani. Pembeni niko mimi, natabasamu.

“Hili bwawa si langu,” nikamwambia. “Hata sijui liko wapi.”

“Na huyu kwenye picha?”

“Huyo ni mimi.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Mzee wangu alichemsha maji, akambebea yule bwana ndoo mpaka bafuni, lakini asubuhi waliondoka na chai hawakumaliza.

Na ule ukurasa bado ulikuwa huko. Tukimpigia mtaalamu, simu haishikwi. Kila gari likipunguza mwendo langoni, najificha jikoni. Ndugu zangu, nilikuwa nafanya biashara ya wageni huku naomba wageni wasije. Nilikonda mpaka watu wa kanisa wakadhani ni ugonjwa.

Mwishowe nilirudi kwa yule mama wa kompyuta. Hakunikumbusha nilivyomkataa. Alinieleza kwamba ukurasa unakaa pale mtaalamu alipouweka, na neno la siri la kuufungua analo yeye peke yake.

“Mwalimu, hii haitaisha kwa simu,” akaniambia. “Nenda ukakae mbele yake.”

Tukaenda Nairobi mimi na mzee wangu. Tulimpata ofisini, na hakuona haya hata kidogo. Alisema hoteli zote zinaandika hivyo na wageni wamezoea. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwambia sitoki hapo mpaka aufute nikiona kwa macho yangu. Akaendelea na kazi zake. Wateja wakaingia, na kila aliyetuuliza tunangoja nini, nilimweleza. Mteja wa tatu aliposikia akageuka akatoka. Hapo mtaalamu akanigeuzia kompyuta. Ndiyo mara ya kwanza niliuona ukurasa wangu kwenye kioo, na kabla sijamaliza kuusoma, akaufuta.

Basi nikaanza zile Jumamosi za Meru, na vidole vyangu vizito. Yule mama aliniambia niandike nilicho nacho, basi. Nikaandika kwa daftari: vyumba vinne, maji moto kwa ndoo, bwawa hakuna, ndovu wako mbugani, si kwetu. Mzee wangu akasoma, akauliza ni nani atapanda ndege aje kuoga kwa ndoo. Nikalibeba daftari hivyo hivyo mpaka Meru. Siku tuliyouweka ukurasa huo mtandaoni, nilirudi nyumbani na hofu kubwa kuliko ya mwanzo, maana sasa wakikataa, wananikataa mimi nilivyo.

Wiki sita kimya. Halafu yule mama akaniita. Barua imeingia kwa kompyuta yake, kutoka kwa walimu wawili wa kike. Waliuliza kama hiyo ndoo inaletwa asubuhi ama jioni. Nililia mbele ya wanafunzi wake. Walimu hao walikuja, wakakaa siku nne. Wengine wamefuata, si wengi. Wale wazee niliwaandikia kuwaomba msamaha. Hawajanijibu mpaka leo.

Namshukuru huyo mama aliyenipokea mara ya pili, na mzee wangu aliyekaa nami katika ile ofisi bila kuniambia twende nyumbani. Nawashukuru kina mama wa kanisa langu walioniombea bila kujua shida ni nini. Na nyinyi, mkichagua mtaalamu ni sawa, wako wazuri. Lakini usome kila neno kabla halijatoka, na lile neno la siri ulishike wewe.

Msidhani wasiwasi umeniisha. Jumamosi iliyopita, kabla ya kupanda ndege kuja kwenu, nilienda tena Meru kuusoma ukurasa wangu kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa vile nilivyouacha. Nikashukuru, nikavuka sokoni kununua viazi vya wageni.