Nani Aanguke Kwenye Kisanduku cha Mwisho

Binti mchoraji alikuwa amebakiza kisanduku kimoja kitupu kwenye kitabu chake cha katuni, na mchapaji alikuwa akimsubiri kituo cha mwisho cha treni yetu. Bingwa wa kung-fu alikuwa anapambana na mpiganaji wa michezo ya video, na binti hakujua amwangushe nani. Mama aliyekaa naye, mwalimu wa karate ambaye binti hakumjua hata kwa sura, alijua.

“Huyo wa mchezo hashindi, mwanangu! Anajua kwenda mbele na nyuma tu. Bingwa akipiga hatua moja pembeni, amemwacha anapiga hewa!”

“Mama wee!” Binti aliruka hadi penseli ikaanguka. “Michezo hiyo nimeicheza tangu utotoni, hilo sijawahi kuliona!”

Mimi niliyekaa mbele yao nilimwokotea penseli. Nyumbani nina watoto wawili wenye ugomvi huohuo, na huwa nauamua kwa kuchomoa waya wa televisheni.

“Lakini ngoja,” binti akasema, macho yamemtoka. “Karatasi ni bapa, pembeni ni wapi? Hapa hata bingwa wako hana pa kukwepea!”

“Basi atoke nje ya kisanduku!”

“Haruhusiwi!”

“Na nani? Si wewe unayechora?”

Treni ikasimama kituo cha mwisho, watu wakaanza kushuka. Binti alikuwa ameweka ncha ya penseli juu ya mstari wa kisanduku, na mwalimu amemshikia karatasi isiteleze. Mimi kituo changu nilikuwa nimekipita zamani.